Kitabu, Makala au Mimbari: Profesa wa Dini Achague Chuo Gani Marekani?

Ukimaliza uzamivu wa masomo ya dini Marekani, na bahati ikakuangukia ukapata ofa mbili kwa mpigo, ndugu wa nyumbani watakuuliza mshahara. Wewe anza na jambo jingine: ili nipate ajira ya kudumu, hawa watataka niwe nimeandika nini, na watanipa muda gani wa kukiandika?

Vyuo havipendi kujibu kwa namba. Ukifungua kanuni zao za walimu utakuta maneno mapana kuhusu ubora wa utafiti, kukua kitaaluma, mchango kwa taaluma au kwa kanisa. Kila chuo kina namna yake ya kuyasoma maneno hayo, na usomaji huo hauandikwi popote. Walimu waliopitishwa miaka ya karibuni wanaujua. Waliokwama wanaujua zaidi.

Kwa aliyezoea mfumo wa nyumbani, kinachoshtua ni saa, yaani kikomo cha muda. Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, kupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, kunataka machapisho vilevile. Lakini asiyepanda hafukuzwi kwa sababu hiyo, na wapo walimu wazuri sana waliostaafu wakiwa wahadhiri. Marekani, profesa msaidizi huanza na majaribio marefu. Tamko la mwaka 1940 la chama cha maprofesa, AAUP, ambalo vyuo vingi hulifuata, liliweka kikomo cha miaka 7. Kwa kawaida faili lako hupitiwa mwaka wa sita. Ukipita, unapata ajira ya kudumu na mara nyingi cheo cha profesa mshiriki papo hapo. Ukikwama, unapewa mwaka mmoja wa kutafuta pa kwenda.

Na nafasi zenyewe zinazidi kupungua. Kwa hesabu za AAUP, mwaka 1987 walimu wa vyuo wenye ajira ya kudumu walikuwa asilimia 39. Mwaka 2021 walibaki asilimia 24. Kwa hiyo mwenye ofa mbili mkononi ni mtu wa kupongezwa, na ulinganisho huu ni wake. Mwenye ofa moja aichukue, halafu asome sehemu inayomhusu.

Chuo kikuu cha utafiti

Hapa nasemea vyuo vinavyowekwa daraja la R1, la juu kabisa kwa utafiti, katika orodha ya Carnegie inayopanga vyuo vya Marekani: vya umma kama North Carolina kilichoko Chapel Hill na Indiana kilichoko Bloomington, vya binafsi kama Princeton na Emory. Ziingize humu pia shule za teolojia zilizo ndani ya vyuo vikuu vikubwa, kama za Yale, Duke na Vanderbilt. Zinaandaa wachungaji, lakini zikifika kwenye utafiti zinapima kwa mizani ileile ya idara jirani.

Kinachotakiwa ni kitabu. Tasnifu iliyobadilishwa jalada haitoshi. Kiwe kitabu kilichoandikwa upya, kikapitiwa na wataalamu wawili ambao hutajulishwa majina yao, kikatoka kwa mchapishaji wa chuo kikuu anayeheshimika katika fani yako: Oxford, Chicago, Princeton, Indiana na wenzao. Juu yake, makala kadhaa kwenye majarida mazito, kama lile la American Academy of Religion au *Journal of Religion in Africa*. Halafu dalili za mradi wa pili. Makala moja kutoka katika mradi huo, au ruzuku uliyoshindania ukaipata, inawatosha kuona kwamba hukuishia kwenye tasnifu.

Hebu tupige hesabu ya anayeanza kazi Agosti 2026. Tathmini ya mwaka wa tatu itamkuta mapema 2029. Faili la mwisho litafungwa kiangazi cha 2031, kwa kuwa barua za wasomi wa nje lazima ziombwe kabla muhula haujaanza. Wasomi hao, mara nyingi sita au zaidi, hawatakiwi kuwa wasimamizi wako wa zamani wala watu mliowahi kuandika pamoja. Wanatumiwa kazi zako na kuulizwa zina uzito gani, na pengine kama ungepita katika chuo chao. Sasa rudi nyuma. Kutoka mswada wa mwisho hadi kitabu kilichojalidiwa, mchapishaji huchukua karibu mwaka mzima. Kabla ya hapo wasomaji wawili wanakaa na mswada miezi mitatu, sita, wakati mwingine zaidi. Unajibu ripoti zao, unarekebisha, bodi inakutana. Huo ni mwaka mwingine. Maana yake mswada kamili uwe umetoka mikononi mwako katikati ya 2029. Ile miaka sita imekuwa mitatu, na wa kwanza umeliwa na kuandaa kozi ambazo hujawahi kuzifundisha.

Ndiyo maana neno "kitabu" lenyewe linahitaji kuulizwa. Kuna kilichopata mkataba tu, kuna ambacho mswada wake wa mwisho umekubaliwa, kuna kilicho mitamboni, na kuna kilichoko dukani. Idara mbili za daraja moja zinaweza kuhesabu tofauti kabisa. Moja inaridhika na barua ya mchapishaji kwamba mswada umeingia uzalishaji. Nyingine inataka nakala mezani.

Ukilipa gharama hiyo, unarudishiwa muda. Mzigo wa kawaida ni kozi mbili kila muhula, moja ikiwa semina ya wanafunzi wachache. Mara nyingi kuna muhula au mwaka wa likizo ya utafiti baada ya tathmini ya mwaka wa tatu, fedha za kwenda kukaa na nyaraka Zanzibar au Lamu, na maktaba inayokuletea karibu chochote unachokiomba. Vyuo vingi pia vinaruhusu saa isimamishwe mwaka mmoja ukipata mtoto. Ichukue nafasi hiyo bila aibu.

Chuo kikiwa cha umma, kuna mpaka wa kuuzingatia. Mwaka 1963, katika kesi ya Abington dhidi ya Schempp, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia usomaji wa Biblia wa kiibada katika shule za umma, lakini ikasema kuichunguza dini kama elimu hakuvunji katiba. Idara za dini za vyuo vya umma zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Kitabu chako cha tafakuri za asubuhi, au mawaidha uliyoyakusanya kwa ajili ya msikiti wa mtaani, hakihesabiwi. Mbaya zaidi, mjumbe mmoja wa kamati anaweza kukiona na kuanza kujiuliza darasani unafanya nini. Usikiingize kwenye faili.

Vyuo vya umma vina siasa za jimbo pia. Sheria ya Florida ya mwaka 2022 ilileta tathmini ya kila miaka mitano kwa walio na ajira ya kudumu tayari, na Texas ikafuata mwaka 2023 na sheria yake kuhusu ajira hiyo. Ofa mbili zenye maneno yaleyale, moja ya chuo cha umma Florida na nyingine ya chuo binafsi Massachusetts, hazikupi ulinzi uleule.

Chuo kidogo cha shahada ya kwanza

Wamarekani wana vyuo vingi vya aina hii, ambavyo sisi hatuna: wanafunzi elfu moja na kitu au elfu mbili, hakuna uzamili wala uzamivu, kila mwalimu anajulikana kwa jina. Watu husema huku ni rahisi. Mimi sioni urahisi wake. Mzigo ni kozi tano au sita kwa mwaka, na zinafundishwa kwa namna inayokula muda. Ukiwa na kozi tatu muhula huu, kila moja wanafunzi 25, kila mwanafunzi insha tatu, unasahihisha insha 225 kabla ya Krismasi, na hakuna msaidizi wa kukupokea hata moja.

Kwa hiyo utafiti unaotakiwa unapungua, ila si kila mahali. Williams, Amherst na Swarthmore, vyuo tajiri vinavyochagua wanafunzi kwa ukali, vinakaribia sana vyuo vikuu vya utafiti, na mwenye kwenda huko aandae kitabu. Kwenye vingine vingi, makala tatu au nne zilizopitiwa na wataalamu, mada zako kwenye mkutano wa kila Novemba wa American Academy of Religion na Society of Biblical Literature, na mradi unaoeleweka unakoelekea, vinatosha. Kitabu kikija, wanafurahi. Kisipokuja, hakuna anayekufa.

Kinachoua huku ni ufundishaji. Tathmini za wanafunzi zinasomwa moja baada ya nyingine, wenzako wanakuja kukaa nyuma ya darasa, na mwenye kitabu kizuri lakini darasa linalolalamika anakataliwa kweli. Katika chuo kikuu cha utafiti mtu wa namna hiyo angeambiwa ajirekebishe, kisha akapitishwa.

Faida moja haisemwi sana. Ripoti ya Ernest Boyer ya mwaka 1990, iliyotoka kwa taasisi ya Carnegie, ilitetea kwamba kuunganisha maarifa ya fani mbalimbali, kuyatumia na kuyafundisha ni usomi pia, sawa na kugundua jipya. Vyuo vidogo viliipokea kwa mikono miwili. Makala kuhusu namna ya kufundisha Uislamu wa Afrika Mashariki kwa vijana wa Ohio, ambayo chuo kikuu cha utafiti kingeipita bila kuitazama, huku inaweza kuhesabiwa makala kamili. Kituo cha Wabash, kilichoko Crawfordsville, Indiana, kinaendesha warsha na kutoa ruzuku kwa walimu wa dini na teolojia kwa ajili ya mambo hayohayo. Omba mapema.

Hasara yake: idara ni ya watu watatu. Uliajiriwa kwa Uislamu, lakini mwaka wa pili utajikuta unafundisha dini za Asili za Afrika, utangulizi wa dini za dunia, na kozi ya maadili ambayo mwenzako aliyestaafu aliiacha. Kila kozi mpya inakuvuta mbali na mada yako.

Seminari inayojitegemea

Hapa mwulize mwajiri swali la awali kabisa: je, mna ajira ya kudumu? Seminari nyingi hutoa mikataba inayohuishwa, ya miaka mitatu, mitano, hata saba. Si jambo baya lenyewe, ila ulijue kabla hujahamisha familia.

Wasomaji wa faili lako ni wengine kabisa. Kamati ina walimu wenzako, lakini bodi inaweza kuwa na wachungaji, askofu, na waumini wenye fedha zao. Pengine utasaini tamko la imani kila mwaka. Kitabu cha kumsaidia mchungaji kuhubiri Amosi, kikichapishwa na Fortress au Eerdmans, kina heshima hapa ambayo hakitaipata Chapel Hill. Makala kwenye *Journal of Biblical Literature* nayo inapokelewa vizuri, kwa hiyo mtu wa Agano la Kale au Jipya anaweza kuandika pande zote mbili bila kujigawa sana. Mahubiri, semina za dayosisi na kozi za wachungaji wa usiku au wa mtandaoni zinaingia kwenye hesabu ya utumishi. Zinakula Jumamosi zako pia.

Kinachonitia wasiwasi ni uhai wa taasisi zenyewe. Andover Newton, moja ya shule kongwe za teolojia nchini humo, iliacha kujitegemea ikaingia Yale mwaka 2017. Mwaka huohuo Episcopal Divinity School ya Cambridge, Massachusetts, ilifunga mlango wake na kujiunga na seminari ya Union, New York. Ajira ya kudumu katika shule inayouza majengo ni karatasi. Kabla ya kusaini, tazama idadi ya wanafunzi kwa miaka kumi. Chama cha shule za teolojia, ATS, hukusanya takwimu hizo, na si siri.

Kwa msomi Mwislamu njia hii ni nyembamba. Hartford ya Connecticut, iliyoacha jina la seminari mwaka 2021 na kuitwa chuo kikuu cha kimataifa cha dini na amani, ina historia ndefu ya masomo ya Kiislamu na ya kuandaa maimamu walezi wa hospitali, magereza na jeshi. Baada ya hapo orodha inaisha haraka.

Vipo pia vyuo vya umma vya kufundishia, kozi nne kila muhula. Makala mbili tatu zinatosha, na si ajabu, kwa kuwa hutapata muda wa ya nne.

Tasnifu yako inaelekea wapi

Wengi huchagua chuo kwa jina. Mimi ningetazama tasnifu kwanza.

Chukua mtu aliyeandika kuhusu tafsiri za Kurani kwa Kiswahili: ya mmisionari wa Kianglikana Godfrey Dale ya mwaka 1923, ya Waahmadiyya ya 1953, na ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ya 1969. Hicho ni kitabu tayari. Kina hoja moja inayosafiri kutoka tafsiri hadi tafsiri, kila moja ikimjibu aliyetangulia, na msomaji asiyejua neno la Kiswahili ataona kwa nini jambo hili linahusu dini za dunia nzima. Huyu aende chuo kikuu cha utafiti bila woga.

Mwenzake amekaa miaka mitano akihariri tenzi za hati za Kiarabu, anasahihisha mizani, anatafsiri, anaweka maelezo chini ya kila ubeti. Kazi hii ni ngumu kuliko ile ya kwanza, na itadumu zaidi. Lakini kamati nyingi za Marekani huiweka chini ya kitabu cha hoja. Ni upofu wao, ila ndio wanaopiga kura. Huyu ama aandike utangulizi mrefu unaosimama wenyewe kama kitabu, ama aende chuo kidogo, apate ajira ya kudumu kwa makala, kisha atoe tenzi zake kwa raha zake.

Aliyeandika juu ya vifungu vinne vya Isaya ana sura zinazokatika vizuri kuwa makala nne. Seminari au chuo kidogo kitamfaa. Aliyeishi na Wapentekoste wa Bukavu mwaka mzima ana kitabu, na akikikata vipande kinakufa.

Vipi kuhusu kuandika kwa Kiswahili? Makala yako katika *Mulika* au *Kiswahili*, majarida ya TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yatasomwa na watu unaowajali. Kamati haitaweza kuyasoma, na isichokisoma haikipi uzito. Dawa ipo. Vyuo vingi vinakuruhusu kupendekeza baadhi ya wasomi wa nje, basi mweke mmoja anayesoma Kiswahili kitaaluma, wa Dar, wa Hamburg au wa SOAS, ili aseme kwenye barua yake kazi hiyo ina thamani gani. *Swahili Forum*, linalopokea makala ya Kiingereza na Kiswahili na kusomwa bure mtandaoni, ni daraja zuri kati ya pande hizo mbili.

Mtego mmoja unawanasa watu wetu kuliko wengine. Ukiwa Mwafrika pekee katika kikao utaombwa sura ya "mtazamo wa Kiafrika" katika kila kitabu cha mkusanyiko, ingizo la ensaiklopidia, uhakiki wa vitabu vya wengine. Maombi yanakuja kwa adabu na kwa sifa nyingi. Sura za namna hiyo zinahesabiwa chini ya makala ya jarida kwa sababu mara nyingi mhariri alikualika kabla hujaandika, na uhakiki wa vitabu ni kama haupo. Kubali moja kwa mwaka, nyingine jibu kwamba unamalizia kitabu. Na yale majarida yanayokupokea ndani ya wiki mbili ukishalipa dola mia mbili, ambayo nyumbani wengine wameyatumia kupandia cheo, usiyaguse hata moja. Katika masomo ya dini majarida yenye heshima hayakutozi ili yakusome.

Nikilazimishwa kuchagua kwa niaba ya mtu nisiyemjua, ningesema chuo kidogo chenye kozi tano kwa mwaka na likizo ya muhula baada ya mwaka wa tatu. Kinakuacha upumue, na ukiandika kitabu bado unaweza kuhamia chuo kikuu cha utafiti. Njia ya kupandia ipo kwa mwenye kitabu tu. Aliyepata ajira ya kudumu kwa makala za ufundishaji, hata ziwe nzuri namna gani, kwa kawaida anabaki alipo. Anayejijua kwamba bila shinikizo haandiki, asinisikilize, aende kwenye shinikizo.

Siku ya usaili, usiulize "mnataka makala ngapi". Watakupa jibu la kanuni. Omba kuongea faraghani na profesa mshiriki aliyepita karibuni, umuulize faili lake lilikuwa na nini siku lilipofungwa. Uliza pia kama kuna aliyekataliwa ndani ya miaka kumi iliyopita, na kwa nini. Na kama huna ukazi wa kudumu, uliza nani atashughulikia karatasi: kuna utaratibu maalumu kwa walimu wa vyuo ambao chuo lazima kiuanze ndani ya miezi 18 tangu kikuchague, na idara iliyozoea wageni itaujua kabla hujamaliza kusema.

Mwisho, barua ya ajira. Ukiwa umefundisha Dodoma au Eldoret miaka kadhaa kabla ya uzamivu, mkuu wa kitivo anaweza kukupa kama zawadi "miaka miwili ya uzoefu". Inasikika vizuri, lakini maana yake saa yako inaanza kuhesabu kutoka mwaka wa tatu, na faili linatakiwa miaka miwili mapema. Ipokee tu ikiwa machapisho ya miaka hiyo yatahesabiwa pia, na hilo liwe limeandikwa kwenye barua. Vinginevyo shukuru, ukatae, uanze na sifuri.